Shamba la Marehemu, Ushuru wa Gunia

Kadi ya shamba letu inasema mwenye shamba ni babu. Babu tulimzika mwaka 1994, juu kidogo ya zizi, mahali alipopachagua mwenyewe. Tangu siku hiyo shamba limegawanywa mara mbili kwa hatua za miguu na kamba ya katani, limejengwa nyumba tano, limelimwa viazi, njegere na kabichi, na kipande cha chini karibu na mto kimekodishwa kwa jirani misimu sita mfululizo. Afisi ya ardhi haijui hata moja kati ya habari hizo. Huko babu bado yu hai, ana ekari kumi na tano na ushei, na ana deni.

Mwaka jana nilimsindikiza baba mdogo kwenda kuiona hiyo kadi. Afisi sitaitaja, wala kaunti. Ni moja ya kaunti zetu za nyanda za juu hapa Kenya ambako asubuhi unaamka na umande hadi magotini na lori la viazi limekwishapita. Safari ya kwanza faili halikuonekana. Ya pili, karani mwenye ufunguo alikuwa likizoni. Ya tatu tukaambiwa tulete nakala ya kitambulisho cha mwenye shamba. Baba mdogo akamtazama kijana wa dirishani akamwambia, "Mwanangu, ukikitaka hicho kitambulisho itabidi uje na jembe." Foleni nzima ikacheka, kijana naye akacheka, na siku hiyo hiyo kadi ikapatikana.

Ni karatasi ngumu ya kijani, ndiyo maana kila mtu pale huiita kadi ya kijani. Ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza shamba lenyewe: nambari, ukubwa, na karatasi ya ramani linakochorwa. Ya pili ina majina ya wenye shamba, wa kwanza juu, anayemfuata chini yake, kila mmoja na tarehe yake. Kwetu ina jina moja tu, limeandikwa kwa wino wa buluu uliokwisha kugeuka kijivu. Ya tatu ni ya mizigo: mikopo, amri za mahakama, vizuizi. Hapo pana dhamana ya Hazina ya Makazi, ile iliyowakopesha waliopewa vipande vya mashamba ya walowezi kuanzia 1962, katika mpango wa ekari milioni moja. Babu alilipa. Risiti zipo nyumbani ndani ya kopo la Kimbo, zimegandana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Ila hakuna aliyekwenda kuifuta dhamana, na kwa kadi ile deni lipo.

Nayasimulia haya kwa sababu kila mwaka, msimu wa miswada ya fedha ya kaunti ukifika, wazo moja huibuka: mbona kaunti za kilimo hazitozi kodi ya ardhi ipasavyo? Wataalamu wanatuonyesha kwamba ardhi haihamishiki, haifichiki, na thamani yake inapanda kila barabara inapotiwa lami. Yote ni kweli. Lakini ili utoze ardhi kodi unahitaji jina la mtu wa kumpelekea bili, na kaunti yetu haina majina. Inachokijua ni gunia. Basi inalitoza gunia.

Tuanze na sheria, maana mkanganyiko wa mwanzo uko hapo. Katiba ya 2010, Ibara ya 209, inaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika na kodi ya burudani, pamoja na kodi nyingine ambayo Bunge litairuhusu kwa sheria. Mkulima asichanganye hiyo kodi ya kaunti na kodi ya pango la ardhi, ambayo huiendea serikali ya kitaifa na hulipwa na mwenye ardhi ya kukodi, ile yenye mwaka wa kuisha. Mashamba mengi ya wakulima wadogo ni ya umiliki wa kudumu. Hayana pango. Yangepaswa, kwa nadharia, kulipa kodi ya kaunti tu, na kwa vitendo mengi hayalipi hata hiyo, kwa kuwa hakuna daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani ya kila ardhi inayotozwa, lililowahi kuyaorodhesha. Daftari hilo hutengenezwa kwa ajili ya mji wa makao makuu na vituo vya soko. Likitoka nje ya mji linakwama kwenye ua la kwanza la michongoma.

Sasa tazama mgawanyo wa kazi. Kodi ni ya kaunti, lakini rejista ya ardhi ni ya wizara iliyoko Nairobi, na msajili aliyekaa katika jengo lile lile la mji wetu mdogo haripoti kwa gavana. Kaunti ina orodha yake ya walipaji, wizara ina kadi zake za kijani, na hizo mbili hukutana siku moja tu: siku ya kuuza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 38, inamkataza msajili kuandikisha uhamisho bila cheti cha kaunti kwamba shamba halidaiwi. Hapo ndipo kaunti humkamata mtu. Anayeuza kihalali, kwa wakili, kwa bodi ya udhibiti wa ardhi, kwa ushuru wa stempu wa asilimia mbili vijijini na asilimia nne mjini, huyo atalipa malimbikizo yote, ya baba na ya babu. Anayeuza kwa karatasi ya daftari la shule, mashahidi wanne na soda, halipi chochote na wala hataonekana. Mfumo wetu unamtoza faini mwaminifu.

Na hao wa karatasi ya daftari ni wengi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka kila mauzo ya ardhi ya kilimo yapate idhini ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita ya makubaliano, la sivyo makubaliano yanakuwa bure kabisa. Ilitungwa kwa nia njema, mtu asije akauza shamba la watoto wake kwa pombe. Lakini kwenda bodi kunamhitaji mwenye jina kwenye kadi awe amesimama pale mbele ya wajumbe, na mkewe pembeni yake. Babu yangu hawezi. Kwa hiyo upande wa juu wa shamba letu kuna fundi cherehani aliyenunua robo ekari kutoka kwa mmoja wa baba zangu wakubwa mwaka 2003. Amejenga nyumba ya mawe, amezika mama yake hapo. Kwa sheria hana hata futi moja.

Kwa sheria hiyo hiyo, nikiri, sisi sote ni wahalifu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa, faini hadi shilingi elfu kumi au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kukodisha kipande cha mtoni misimu sita ni kuingilia. Kukata ule mkaratusi mkubwa na kuwauzia wenye nguzo za umeme ni kuingilia. Ukianza kuwakamata wenye kosa hilo wilaya nzima, utabaki na chifu peke yake, na chifu naye utamuuliza la baba yake.

Wako wanaosema hali hii ni uzembe wa familia. Mimi nasema iangaliwe ilikotoka. Ukoloni ulipoanza kututoza kodi, haukutoza ardhi. Kodi ya vibanda ilianza 1901, kodi ya kichwa ikafuata 1910, na sababu yake ilikuwa wazi: mtu akafanye kazi kwenye shamba la mlowezi apate rupia za kulipia. Ardhi yenyewe haikuwa yake kisheria. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 ilimfanya mpangaji tu. Kodi ya ardhi ya kilimo ilikuwa jambo la walowezi wenyewe kwa wenyewe, waliokuwa na mabaraza yao ya kaunti miaka ya hamsini, wakilipa ili wapate barabara zao. Hadi leo wazee wetu wakisikia neno kodi wanakumbuka kipande, kile kitambulisho cha kikoloni kilichoning'inia shingoni. Hawana kumbukumbu ya kodi iliyoleta barabara.

Uhuru ulipokuja, Sheria ya Utozaji ya 1963 ilirithi lugha ya walowezi neno kwa neno. Ilisema ardhi inaweza kutozwa kwa ukubwa wake, kwa thamani ya kiwanja, au kwa makadirio ya pesa ambazo shamba la kilimo lingeweza kukodishwa. Huo mtindo wa tatu ulitungwa kwa ajili ya shamba la ekari elfu moja lenye meneja na vitabu vya hesabu. Shamba hilo hilo likagawanywa kwa familia sitini, na kila familia ikagawanyika tena. Nani angefanya makadirio sitini, halafu mia tatu? Hakuna aliyefanya. Mwaka 1969 serikali kuu ikanyang'anya mabaraza ya kaunti shule, zahanati na barabara, na mabaraza yakabaki na kazi chache na njaa nyingi. Yakajifunza kula kwenye kizuizi cha barabarani.

Hapo ndipo penye utamu wa habari, na uchungu wake.

Nenda kasimame saa kumi na moja alfajiri kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao, sesi, kama kila mtu anavyouita. Kuna kibanda cha mabati, mti mrefu wenye jiwe upande mmoja, taa ya sola, na kijana mwenye koti la mvua na mashine ya risiti. Lori linasimama. Dereva anashuka, anataja idadi ya magunia, kijana anapanda kwenye gurudumu kuchungulia, wanabishana kidogo, wanapatana. Mashine inatoa risiti. Nimezisoma risiti hizo. Zina tarehe, jina la kizuizi, aina ya zao, idadi, kiasi, na nambari ya usajili ya lori. Jina la mkulima halimo. Usiku uliotangulia, shambani, broka alikwisha kumkata mkulima pesa hizo kwenye bei: "Hapa kuna ya wapakiaji, hapa kuna ya gunia, hapa kuna ya sesi." Mkulima amelipa kodi na hana karatasi hata moja inayosema amelipa. Siku ya mkutano wa bajeti afisa wa kaunti anasimama na kuwaambia watu hao hao kwamba wakulima hawachangii mapato ya kaunti.

Tufanye hesabu ya kalamu, kwa tarakimu za kudhania tu. Tuseme ekari moja inatoa magunia 70 ya kilo 50, na sesi ni shilingi 30 kwa gunia. Ni shilingi 2,100 kwa msimu, na kwa misimu miwili 4,200. Jirani wa mwenye ekari hiyo ana ekari mia mbili alizonunua miaka ishirini iliyopita, amezizungushia waya, na ndani kuna nyasi na mlinzi mmoja. Anasubiri barabara. Hauzi gunia, halipi sesi. Daftari la uthamini halijamfikia, halipi kodi ya ardhi. Barabara ikija, itakuwa imejengwa kwa mgao wa serikali kuu na kwa shilingi thelathini thelathini za mwenye viazi, na waya wake utakuwa umemzalia mamilioni akiwa amelala Nairobi. Nimetafuta namna ya kulieleza jambo hili kwa upole nikaikosa. Kaunti ya kilimo inamtoza anayelima na kumwacha anayemiliki.

Yako pia mashamba ya umma. ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, lina maelfu ya ekari Trans Nzoia, na kwa ardhi kama hiyo serikali ya kitaifa inatakiwa kuipa kaunti mchango wa fidia mahali pa kodi. Ulizeni kaunti yoyote mchango huo huwafikia lini. Hapo nisikae sana.

Ndugu zetu wa Pwani watasema hawahitaji kuhadithiwa kuhusu mwenye shamba asiyeonekana. Ukanda wa maili kumi uliandikishwa kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, na mpaka leo kuna vijiji vizima vinavyoishi juu ya hati ambayo mwenyewe hakuna aliyewahi kumtia machoni. Tofauti ni kwamba kule hati ina mtu wa mbali na kwetu ina marehemu. Kwa mtoza kodi, hao wawili hawana tofauti.

Wala si Kenya peke yake iliyoshindwa kumpata mwenye mali ikamkamata aliye karibu. Tanzania mwaka 2021 ilihamishia kodi ya majengo kwenye LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla: mwanzoni zilikuwa shilingi elfu moja za kule kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, elfu tano kwa kila ghorofa, zikikatwa mtu anaponunua umeme. Kama mbinu ya ukusanyaji, ni ya werevu sana, maana hakuna bili ya kupeleka wala mlango wa kubisha. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Sheria inasema mpangaji amdai mwenye nyumba, naye mpangaji anajua vizuri kitakachotokea akimdai. Mita kule, kizuizi huku: kodi inamwangukia aliyekuwa karibu na mashine.

Kuna jambo moja linalonifanya niamini kwamba tatizo la majina si gumu kama tunavyoambiwa. Mwanzoni mwa 2023 serikali ilitaka kuwagawia wakulima mbolea ya ruzuku, ile iliyoshushwa hadi shilingi 3,500 kwa gunia na baadaye 2,500. Machifu na wazee wa vijiji wakaambiwa waandikishe wakulima. Kwetu alikuja binti mmoja wa kijijini na daftari, akaketi kwenye kigoda cha mama, akauliza jina, nambari ya kitambulisho, simu, ekari unazolima na unalima nini. Baba mdogo akaandikisha tatu. Shangazi, ambaye kwa kadi ya kijani hana chake na kwa mila aliambiwa hana chake, akaandikisha moja na nusu. Hata jirani aliyekodi kule mtoni akaandikishwa. Baada ya muda wote wakapata ujumbe kwenye simu. Ndani ya majuma machache serikali ilijua nani analima nini, wapi, kwa jina la mtu anayepumua.

Kwa hiyo serikali moja ina madaftari mawili ya shamba moja. Daftari la mbolea lina walio hai bila haki, daftari la ardhi lina haki bila walio hai. Na hakuna mtu, kwa ninavyojua kwetu, aliyepewa kazi ya kuyaweka mezani pamoja.

Wenye kuamini kompyuta watanitajia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Nauunga mkono. Faili lisilopotea ni neema kubwa kwa mtu aliyepanda matatu mara tatu kulitafuta. Lakini kadi ya babu ikipigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, itakuwa ni babu yule yule, sasa akiwa na rangi nzuri zaidi. Na ramani itaingia na makosa yake. Mashamba yetu mengi yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla, maana yake mpaka ni ua, kijito au njia ya ng'ombe kama ilivyochorwa, mara nyingi kutoka picha za ndege zilizokuzwa, na ekari zilizoandikwa ni za kukadiria. Ndiyo maana kwenye kugombea mpaka sheria inataka umwone msajili kwanza kabla mahakama haijakusikiliza. Mfumo huo ulikuwa rahisi na wa haraka, na kwa kuzuia ugomvi wa majirani umefanya kazi nzuri kuliko unavyosifiwa. Haukukusudiwa kutozea kodi kwa ekari. Sorovea aliyekuja kwetu alipima akapata ekari kumi na tatu na nusu. Baba mdogo akamuuliza zile nyingine zimeenda wapi. "Hazikuwahi kuwepo, mzee." Walinyamaza wote wawili wakitazama ule ua.

Sasa kuna Sheria ya Kitaifa ya Utozaji ya mwaka 2024, iliyofuta zile sheria mbili kuukuu za utozaji na uthamini. Ilikuwa imechelewa sana. Nairobi yenyewe ilitumia daftari la mwaka 1982 kwa karibu miaka arobaini, basi fikiria vijijini. Sheria mpya itazisukuma kaunti zitengeneze madaftari, na hapo ndipo ninapoogopa. Kaunti yenye haraka itafanya lililo rahisi: itachukua orodha ya wizara, itazidisha ekari kwa kiwango, itatuma bili. Bili zitakwenda kwa marehemu. Hazitalipwa. Riba itaanza kupanda juu ya shamba, kimya kimya, na mjane atakuja kugundua siku anayotaka kuhamisha jina kwamba kuna laki mbili zinamsubiri. Atakachofanya ni kuacha kuhamisha. Kodi iliyokusudiwa kuleta mpango kwenye rejista itawafukuza watu kwenye rejista.

Pingamizi la kweli dhidi ya kodi ya ardhi vijijini ni la mzee mwenye ekari na asiye na shilingi. Ana shamba la mamilioni kwa bei ya broka na mfukoni ana nauli ya kwenda zahanati. Utamtoza nini? Hofu yake si ya kijinga. Kodi isiyolipwa huwa mzigo juu ya ardhi, na mizigo juu ya ardhi ina historia ya kuishia kwenye mnada. Muswada wa kurekebisha sheria za ardhi wa 2023 ulipoleta pendekezo la tozo ya kila mwaka kwa ardhi ya umiliki wa kudumu iliyo ndani ya miji, kijijini ulisikika kama tangazo kwamba serikali inarudi kuchukua mashamba. Aliyejaribu kueleza maneno "ndani ya miji" aliulizwa: mji unaanzia wapi, na nani anausogeza mpaka wake? Nililiona kuwa swali la haki kabisa. Na kaunti hazijajijengea jina la kusikiliza watu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 nzima kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, uamuzi ambao kila karani wa bunge la kaunti anaujua hadi leo.

Kwangu mimi jibu la hofu ya mzee ni kumwacha. Ekari tano za kwanza za mtu anayeishi na kulima pale zisitozwe, ikiwa kaunti inajua kwa hakika ni zake. Shamba la ekari mia mbili la waya na mlinzi litozwe, na litozwe sawasawa, kwa sababu huyo ana hati safi yenye jina lake, mara nyingi ana wakili, na anapatikana. Kwa kundi hili daftari halihitaji miaka kumi. Wamiliki wakubwa katika kaunti moja ya kilimo wanaweza kuandikwa kwenye kurasa chache. Kinachokosekana ni nia, na mtu akitaka kujua kwa nini nia inakosekana, aangalie nani anamiliki nini kati ya wale wanaopitisha miswada. Halafu sesi ipunguzwe kwa kadiri kodi hiyo inavyoingia, na risiti yake iwe na jina la mkulima.

Lakini majina kwanza. Na hapa siongei na Nairobi, naongea na kaunti, maana kaunti ndiyo yenye faida. Mirathi ya shamba dogo inahitaji barua ya chifu, fomu za mahakama, tangazo kwenye Gazeti rasmi la serikali na siku thelathini za kungoja mwenye pingamizi, kisha miezi sita kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, kisha sorovea, kisha bodi, kisha msajili. Kila hatua ina ada, na kati ya hatua na hatua kuna nauli. Familia inayouza viazi inafika hatua ya pili, karo inaingia, inaacha. Kaunti inayojenga ukumbi wa wadi kwa mamilioni inaweza kulipia mawakili wawili na sorovea mmoja wazunguke wadi hadi wadi mwaka mzima, wakiwa na lile daftari la mbolea mkononi. Inaweza kuiomba wizara izifute kwa mkupuo zile dhamana za Hazina ya Makazi ambazo mikopo yake ilikwisha kulipwa, badala ya kila mjukuu kufungua kopo lake la Kimbo. Ingekuwa gharama. Ingekuwa pia mara ya kwanza kaunti kumkuta mkulima nyumbani kwake na si kwenye kizuizi.

Sisi tuko hatua ya kwanza. Ndugu wamekaa, wamekubaliana, shangazi ameandikwa, na hata fundi cherehani ametengewa robo yake kwenye mchoro. Jumanne iliyopita baba mdogo aliamka mapema, akavaa koti, akaenda kuchukua barua ya chifu. Akapishana na lori letu la viazi linapanda mlima kuelekea kizuizini, akampungia dereva mkono. Afisi ya chifu ilikuwa imefungwa. Chifu alikuwa amekwenda mazishini.